Jarida la Nidhamu Mbalimbali

Mwanapili Chande alikuwa akisema kwamba hakuna kazi nyepesi kama kuandika mawanda ya jarida la utafiti, kwani ni aya moja tu. Unaeleza jarida lako linapokea makala ya namna gani na linakataa yapi, unatia nukta, unakwenda kunywa chai. Aliyasema hayo kabla hajakabidhiwa kazi yenyewe.

Alifundisha Kiswahili katika chuo kidogo kilichoko baina ya Ukunda na Msambweni, chuo cha mabati mekundu na milango inayovimba kila masika. Kilianza kwa kufundisha wapishi na wahudumu wa hoteli za Diani, kikaongeza ualimu, kikaongeza sayansi, na sasa kilitaka kupandishwa daraja. Wakaguzi walikuja, wakazunguka, wakala pilau, wakaondoka wakiwa wameacha neno moja: chuo kisichochapisha utafiti hakipandi. Ndipo mkuu wa chuo, Daktari Tobias, alipoamua pawe na jarida. Na kwa kuwa walimu walikuwa wachache na kila mmoja na fani yake, ikakubaliwa liwe la utafiti unaovuka kutoka taaluma moja hadi nyingine. Mwanapili akafanywa katibu wa bodi.

Wenzake walishangaa alipokubali, maana hakuwa mtu wa vyeo. Alikuwa ameivuka arobaini kimyakimya. Ndoa yake ilikuja ikapita kama mvua ya vuli, na tangu hapo alikaa Msambweni na mamake, Bi Hafsa, katika nyumba ya marehemu baba nyuma ya soko, akienda kazini na kurudi, akisahihisha mitihani, akimkanda mama miguu.

"Jarida ndiyo gazeti?" mama alimwuliza siku aliyompa habari.

"Ni kama gazeti, mama. Ila halina habari."

"Gazeti lisilo na habari. Na watu hulinunua?"

"Hawalinunui."

"Basi Mola awape subira wanaoliandika," alisema Bi Hafsa, akanyoosha mguu wa pili.

Lakini Mwanapili alikuwa na sababu ya kukubali, na sababu hiyo iliitwa Ziro.

Ziro alikuwa mwalimu wa kemia, mtu wa Samburu kule Kinango, mrefu, mwembamba, mwenye mzaha usiomwacha hata msibani. Walifundisha chuo kimoja miaka mingi bila kuzidisha salamu, hadi siku Mwanapili aliporudi kutoka harusini katika kijiji cha Jego na kusimulia katika chumba cha walimu kwamba alipewa chai akadhani mpishi amechanganya chumvi na sukari. Alipouliza, akina mama walimwambia kwa upole asiwe na lawama, si mpishi, ni kisima kimeingiwa. Mwanapili alisimulia kwa ajili ya lile neno. Kuingiwa ni neno la mtu aliyepandwa na pepo, na yeye hakuwahi kulisikia likisemwa juu ya maji. Ziro aliacha kula. Alitaka kujua ni kisima gani, kiko umbali gani na bahari, na kwa nini mwalimu wa lugha alikwenda Jego akarudi bila hata chupa moja ya maji hayo.

Wakaanza hivyo. Likizo baada ya likizo walikwenda Jego. Ziro alipima chumvi visimani, Mwanapili alikusanya maneno, na muuguzi mmoja wa huko akawasaidia kupima presha za wanawake waja wazito. Walipokuja kuyaweka pamoja, mambo hayo matatu yalikwenda bega kwa bega. Mahali ambapo akina mama walisema maji yamenuna, chumvi ilikuwa imeanza na presha imeanza kupanda kidogo. Mahali ambapo kisima kimeingiwa, mimba zilikuwa zikiharibika. Na palipokuwa na kisima kilichohama, ambacho watu wameshakiacha, zilibaki nyumba za wasioweza kuchota mbali, na hizo ndizo zilizokuwa na makaburi madogo. Ilikuwa kazi ya kusukwa kama ukili wa mkeka: ukichomoa mwaa mmoja, wote unafumuka.

Hilo ndilo lililowaponza. Jarida la lugha liliwajibu kwamba makala ni nzuri lakini ina kemia nyingi, waipeleke kwa watu wa maji. Watu wa maji wakasema mambo ya maneno si yao, wajaribu afya. Watu wa afya wakauliza majedwali ya chumvi yanahusu nini. Kila mlango waliobisha, mwenye nyumba aliwaelekeza kwa jirani.

Kisha Ziro akaugua. Kisukari kilimwanza machoni, kikashukia figo. Aliacha kazi, akahama Samburu na mkewe, Mama Rai, wakapanga chumba Ukunda ili awe karibu na hospitali anakosafishwa damu. Mwanapili alikuwa akipitia kwake akitoka chuoni. Alimkuta kitandani, redio kifuani, akisikiliza mpira wa nchi asizoziona.

"Bi Mwanapili," alimwambia siku moja, "nikifa watasimama watu kaburini waseme Ziro alikuwa mcheshi. Sikatai. Lakini ucheshi si kazi. Mimi nilifanya kazi moja maishani, na hiyo umeificha kwenye kompyuta yako."

"Sijaificha, kaka. Imekosa pa kukaa."

"Basi itafutie. Nataka niikute imechapishwa kabla hawajanizimia mashine."

Kwa hiyo Mwanapili alipoambiwa aandike mawanda ya jarida jipya, hakuhitaji usiku wala mchana kufikiri. Aliandika: Jarida hili linapokea utafiti wowote ambao hauwezi kukaa ndani ya taaluma moja. Aliisoma sentensi hiyo akaona ni kama kumkatia mtu kanzu kwa kipimo cha mwili wake. Yeyote mwingine angeweza kuivaa, lakini ilishonewa Ziro.

Bodi ilikutana katika ukumbi wa kufundishia utandikaji wa meza, mbele ya glasi zilizogeuzwa mdomo chini.

"'Wowote' ni neno la nyumba isiyo na mlango," alisema Madamu Veronicah, mkuu wa idara ya ualimu, mwanamke wa bara aliyekaa pwani miaka mingi na kuipenda kwa masharti. "Kesho mtu ataleta utafiti wa majini na mapepo."

"Wa majini utasomwa kuliko ule wako wa ratiba za masomo," akajibu Bwana Swabir wa idara ya hoteli. Glasi zikatetema kwa vicheko. "Mimi ninalo neno dogo. Tuko Diani. Jarida la Diani lisilotaja utalii ni sawa na biriani bila nyama."

"Utalii ni biashara, si taaluma," alisema Veronicah.

"Na ualimu ni nini, madamu? Wito?"

Daktari Tobias aligonga meza kwa kalamu. Hakupenda ugomvi, na dawa yake ya ugomvi ilikuwa kumpa kila mtu. "Wekeni utalii. Wekeni elimu. Wekeni kilimo, maana gavana anapenda kilimo. Mwalimu Mwanapili, sentensi yako tutaiacha mwishoni."

Jioni ile aya ilikuwa imejaa kama gari la mkaa. Lakini ile sentensi ilikuwapo, nyuma kabisa, na Mwanapili aliridhika nayo. Alipita Ukunda akamsomea Ziro.

"Ng'ombe mzima wamegawana," alisema Ziro. "Sisi tumepata mkia."

"Mkia unatutosha."

"Unatutosha. Supu ya mkia humwinua mgonjwa."

Tangazo la Kiingereza lilitoka, na miezi ikapita bila mtu kuleta hata ukurasa, isipokuwa makala ya visima vya Jego, ambayo peke yake haiwezi kuwa jarida. Daktari Tobias akaona litolewe tangazo la Kiswahili, lipelekwe kwa walimu wakuu wa kaunti nzima, na akaamua kulitafsiri mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza darasani kule kwao, kizuri, kilichonyooka, ila akikwama alimwuliza Mwanapili.

Siku hiyo Mwanapili hakuwa chuoni. Ziro alikuwa ameanguka bafuni asubuhi, na yeye alikuwa kwenye ukumbi wa hospitali, mkono mmoja ameshika mfuko wa nguo za mgonjwa na mwingine amemshika Mama Rai. Simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa mkuu: Mwalimu, disiplini kwa Kiswahili sanifu ni nini? Haraka tafadhali.

Wiki hiyo wanafunzi wa bweni walikuwa wamerushiana sahani kwa sababu ya maharage mabichi, na chuo kizima kilikuwa kikizungumzia barua za onyo. Mwanapili hakufikiri mara mbili. Aliandika kwa kidole gumba, neno moja, akairudisha simu mkobani: Nidhamu.

Tangazo alitumiwa na Swabir kesho yake. "Dada," Swabir aliandika, "jarida la viboko limezaliwa salama. Hongera."

Mwanapili alilifungua akiwa amesimama mlangoni kwa Ziro. Jarida la Utafiti wa Nidhamu Mbalimbali. Na chini, baada ya utalii na kilimo, ile sentensi yake: Jarida hili linapokea utafiti wowote ambao hauwezi kukaa ndani ya nidhamu moja. Kwa Kiingereza taaluma na nidhamu huitwa kwa neno moja, na yeye alijibu lile lisiloulizwa. Mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Msambweni, ndiye aliyelitoa neno. Alisoma mara nyingine, kisha akaizima simu.

Hata hivyo alidhani ni jambo la kurekebishika. Neno hubadilishwa, tangazo hutolewa upya. Asilolijua ni kwamba walimu wakuu wa Kwale, kutoka Lunga Lunga hadi Kinango, walikuwa wakilisubiri jarida hilo maisha yao yote bila kujua. Taaluma zao wangeulizwa wangenyamaza. Lakini nidhamu, kila mmoja alikuwa na la kusema. Makala yakamiminika. Faida za Kiboko Chembamba. Sare za Shule na Adabu ya Msichana. Simu ya Mkononi, Adui wa Mwalimu. Ustadhi mmoja alileta juu ya nidhamu ya safu katika swala, na askari mstaafu wa Shimba Hills akaandika kurasa nyingi kuhusu gwaride na utulivu wa ndoa. Walipiga simu kuulizia. Wengine walikuja wenyewe, wameshika bahasha, wamevaa tai.

Mwanapili alikwenda ofisini kwa mkuu. Daktari Tobias alikuwa na furaha ambayo Mwanapili hakuwa amemwona nayo tangu wakaguzi waondoke.

"Mkuu, tangazo lina kosa," alisema.

"Nimelisikia. Swabir amenicheka hadi amechoka. Lakini mwalimu, mimi nilikuuliza, ukanijibu. Nakosea?"

"Hukosei, mkuu. Nilidhani ni habari ya wale vijana wa maharage."

"Sikulaumu. Nataka kukwambia kitu kingine." Alizisogeza bahasha kwa viganja viwili kama mtu anayekusanya unga uliomwagika. "Tulitangaza taaluma, hakuja mtu. Tumetangaza nidhamu, wamekuja. Wakaguzi wanarudi. Nitawaambia tulipata waandishi tukawafukuza kwa ajili ya sarufi?"

"Si sarufi. Ni maana."

"Maana huletwa na watu, mwalimu. Watu wameileta hii."

Jambo lililomwumiza Mwanapili ni kwamba mtu huyu hakuwa mjinga wala mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa nafuu.

Bodi ilikutana tena mbele ya zile glasi. Mawanda mapya yalipita bila ubishi, na hata Swabir aliacha mzaha, kwani shemeji yake alikuwa miongoni mwa walioleta makala. Mawanda hayo yalisema: Jarida hili linahusu nidhamu katika elimu, kazi na jamii. Ilikuwa sentensi safi, fupi, isiyo na mkia. Mwanapili, akiwa katibu, ndiye aliyeiandika kwenye kumbukumbu za kikao.

Walipotoka, Veronicah alimshika kiwiko.

"Najua habari ya mgonjwa wako," alisema kwa sauti ya chini. "Sikiliza, mwalimu. Itieni makala yenu nidhamu. Nidhamu ya maji. Mimi ndiye nitakayeipitia, nitaipitisha. Cha msingi ionyeshe kuwa wanawake wa huko wanachota ovyo, ndiyo chumvi ikaja. Hayo mengine myapunguze."

"Hawachoti ovyo, madamu. Bahari ndiyo inayopanda."

"Bahari haimo katika mawanda ya jarida letu," alisema Veronicah, na haikuwa kejeli. Alikuwa akisaidia.

Mwanapili alikwenda Ukunda akiwa na faraja moja ya uchungu: kwamba atamweleza Ziro, Ziro atatukana kwa Kiduruma, watacheka, na makala itabaki nzima ndani ya kompyuta, haijasomwa na mtu lakini haijamsingizia mtu. Alimweleza yote. Lile neno lake la hospitalini pia hakulificha.

Ziro alikuwa amerudi kutoka kwenye mashine. Siku kama hizo alikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Hakucheka.

"Litatoka lini?" aliuliza.

"Mwisho wa mwezi, kabla ya wakaguzi."

Jirani alikuwa akikaanga samaki, na Mama Rai akainuka kufunga dirisha kwa sababu harufu ilimchafua mgonjwa roho.

"Iandike," alisema Ziro.

"Kaka, umesikia nilivyosema? Tutakuwa tumewasema wale akina mama."

"Nimesikia."

"Wametukirimu. Wametuonyesha makaburi."

"Mwanapili." Hakuwahi kumwita hivyo, bila Bi. "Wewe una miaka ya kungoja mlango mwingine. Mimi sina. Iandike."

Akaiandika. Hilo ndilo analolijua kuhusu nafsi yake hadi leo, kwamba aliketi kwenye meza ya kulia ya mamake akaufumua ukili mwaa baada ya mwaa. Maneno ndiyo aliyoyaondoa kwanza, kununa, kuingiwa na kuhama, kwa kuwa yalikuwa yake na alikuwa na haki ya kuyatupa. Presha zikafuata. Jedwali la chumvi Veronicah alisema halipendezi kwenye ukurasa, likatoka. Kikabaki kichwa kipya na hitimisho jipya, ambalo lilishauri wanawake wa Jego wafundishwe nidhamu ya kuchota maji, na visima viwekwe wasimamizi.

"Mbona unaandika unahema?" Bi Hafsa aliuliza kutoka kitandani.

"Ni joto, mama."

Jarida lilitoka na jalada la kijani. Mkuu aligawa nakala kwa mikono yake. Kabla wiki haijaisha shirika moja la maendeleo lilimpigia Mwanapili simu kumwomba aende Jego kuwa mkufunzi wa semina ya akina mama, juu ya nidhamu ya maji. Walikuwa wamesoma hitimisho wakalipenda. Alisema ataangalia nafasi yake. Semina ilifanyika bila yeye. Walimpata mwalimu mmoja wa Lunga Lunga, na hitimisho alilolisoma mbele ya wanawake wale lilikuwa na jina la Mwanapili.

Siku ya kumpelekea Ziro nakala alimkuta ameketishwa, mito mgongoni, shati limepigwa pasi. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na kiza na kivuli tu.

"Nisomee," alisema.

Mwanapili alifungua ukurasa. Mstari wa kwanza ulisema: Ukosefu wa nidhamu katika matumizi ya visima ni tatizo sugu. Alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa hicho.

"Katika kijiji cha Jego," alisoma, "kisima hakiharibiki. Kisima huingiwa."

Ziro akayafumba macho. Mwanapili akaendelea kwa kichwa, kwani waliiandika kwa miaka na alikuwa anaijua kama mtu anavyoijua Yasin, na kila alipokadiria ukurasa umekwisha aligeuza karatasi, ili Mama Rai asishangae. Alisoma jinsi maji yanavyoanza kununa. Alisoma habari za presha. Akafika kwenye visima, akataja kuwa kisima cha skuli ndicho kilichotangulia kugeuka, kisha cha msikitini.

"Cha msikitini ndicho kilichotangulia," alisema Ziro.

Mwanapili akautazama ukurasa.

"Jedwali lile nililipanga mwenyewe. Mtu anayelisoma hawezi kukosea. Anaweza kukosea mtu anayelikumbuka."

Mbele ya macho ya Mwanapili, mahali pa jedwali, palikuwa na picha ya mwanamke asiyemjua akimimina maji.

"Nimekosea, kaka," alisema.

"Haya. Endelea."

Akaendelea, taratibu zaidi, akiogopa kila neno. Alipofika mwisho wa habari za kisima kilichohama alisita.

"Hitimisho lipo?" Ziro aliuliza.

"Lipo."

"Refu?"

"Ukurasa mzima."

"Hilo usinisomee." Alipapasa juu ya shuka hadi akaupata ukingo wa jarida. "Majina yetu yako wapi?"

"Mwanzo kabisa. Lako limetangulia."

"Nionyeshe."

Mwanapili akarudi ukurasa wa kwanza, akakishika kidole cha Ziro, akakiweka juu ya jina lake. Karatasi ilikuwa laini, na wino haupapasiki. Kidole kilikwenda upande mmoja, kikarudi, kikatafuta tena.

"Ni hapa?" alisema.

"Ni hapo."